Mti Mchungu wa Gasto

Gasto alikuwa seremala katika karakana ya makabati kule Frogtown, jimbo la Minnesota, na kwa miaka minane hakuna aliyemsikia akilalamikia mbao za Marekani. Alianza kuzilalamikia mwaka 1997, barua ilipofika kwamba kaka yake, Aloyce, anakuja kumtembelea.

Ugomvi wao ulikuwa wa miaka mitatu. Baba yao alizikwa Kibosho Gasto akiwa hayupo. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado, angetoka asingeweza kurudi, akabaki. Aloyce hakumgombeza, aliacha tu kumwandikia. Sasa anakuja, na kwao Uchagani kuna utaratibu: mdogo humpelekea mkubwa pombe na kukiri kosa. Mkubwa akinywa na kumrudishia amalizie, yamekwisha. Asipokunywa, yamebaki, na kila mtu anaendelea kuishi nayo.

Ndizi za kupikia pombe zilipatikana. Gongo aliipika mwenyewe katika gereji ya nyumba yake kwenye kitongoji cha Crystal, jambo ambalo sheria ya Marekani hairuhusu na ya Tanzania haikuruhusu pia, kwa hiyo halikumnyima usingizi. Kilichomshinda ni ladha. Pombe ya nyumbani hutiwa magome ya msesewe, na uchungu wake ndio unaomfanya mtu wa Kibosho akubali kwamba amekunywa. Minnesota hakuna msesewe.

Basi akaanza kuokota vipande vya mbao karakanani. Alivikausha kwenye oveni ya mkewe, Ephrasia, mpaka vikawa kahawia, akavizamisha kwenye mitungi ya gongo na kusubiri. Mwaloni, ambao Wamarekani wanausifu, ulitoa harufu ya vanila. Mepo, mti ambao wenyeji hugema utomvu wake mtamu, uliifanya pombe iwe kama dawa ya kikohozi ya watoto. Mtufaha ulikuwa na adabu, lakini mtamu. Miezi miwili ikaisha hivyo.

"Hii ya mtufaha inatosha," Ephrasia alimwambia. "Shemeji anakuja kukuona wewe, haji kuonja mbao."

"Akinywa kitu kitamu atajua nimesahau," Gasto akajibu. Alikuwa anaogopa, wala hakuficha.

Nyuma ya nyumba, kwenye uzio, palikuwa na kichaka cha miiba chenye matunda meusi, ambacho jirani yao Susan alikilaani kila mwaka. Siku moja Gasto alichubua tawi, akatafuna gome kama walivyozoea utotoni kuupima msesewe. Uchungu ulimkaa kooni mpaka jioni. Akafurahi kama mtu aliyepigiwa simu kutoka nyumbani. Akalizamisha gome lile kwenye mtungi wa gongo, na pombe ilipokuwa tayari aliionja kwa ncha ya ulimi tu, maana hakutaka kumtangulia mkubwa.

Aloyce aliwasili Ijumaa. Ephrasia akamkaribisha kwa ile ya mtufaha. Akaonja, akasema ni tamu, akaiweka mezani na hakuigusa tena.

Jumapili, baada ya misa, Aloyce aliketi sebuleni na suti yake, mikono magotini. Gasto akapiga goti, Ephrasia akishuhudia, akakiri kosa lake bila kulipamba, akampa bilauri ya ile chungu. Aloyce akanywa. Akanywa tena, akabakiza nusu, akamrudishia.

"Msesewe umeupata wapi?"

"Uani, kaka."

Gasto akamalizia huku machozi yanamtoka.

Jioni tumbo la Aloyce lilianza kunguruma, na la Gasto likafuata. Nyumba ilikuwa na choo kimoja. Ephrasia alikwenda kumuuliza Susan pale uzioni, akarudi na habari kwamba watu wa zamani walilitumia gome lile kufungua matumbo yaliyofunga, tena kidogo sana.

Gasto alisimama nje ya mlango wa choo, kashika tumbo, aibu imemjaa. Miaka mitatu ya kinyongo, mchana mmoja wa amani, na yeye ameuharibu kwa mikono yake mwenyewe.

"Kaka," alisema, "ukisema hukuipokea, nitaelewa."

Sauti ya Aloyce ikatoka ndani, imechoka.

"Imetoka yote, Gasto. Lakini niliinywa mbele ya mkeo. Mambo ya baba yamekwisha."

Maji yakavutwa.

"Ila huo mti kesho tuukate." Mlango ukafunguliwa. "Pita, zamu yako."