Siku Nilichimbua Kakao Mbele ya Balevi wa Beni

Bon, municheke mumalize, juu haya yenye nilipata siku ile ilikwisha kutembea Butembo muzima, na heri muisikie kwa kinywa yangu kuliko kwa bamama wa soko, bale banaongezaka chumvi.

Muko munanijua: mimi ni Kambale, fundi wa kushona, atelier yangu iko hapa Mususa, mutaa ya Butembo. Ule mwaka nilikuwa nakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kuanzia asubuhi (nilimushonea mwalimu mumoja chemise yenye mikono mbili ya kushoto, nikamuambia ni mode ya Kinshasa, na maskini akaivaa). Bibi yangu Masika akachoka, akabeba batoto bote batatu, akarudia kwa baba yake. Nilipoenda kumuomba arudi, baba mukwe, Muzee Kasereka, mutu mukubwa kwa parokia, akanikalisha chini mbele ya jamaa na akanihubiria pombe mpaka chakula ikapoa.

"Nyumba ya mulevi hapana nyumba, ni kichaka yenye mulango," akasema. "Enda kwa kikundi ya bale banaachaka pombe. Ukiacha, Masika atarudi."

Sasa, ile kikundi iko hapa hapa Mususa, kwa miguu dakika tano. Mais niingie pale, majirani banione, baseme Kambale ni mulevi? Haya! Nikasikia kama kuko ingine Beni, donc siku ya posho, mwisho wa juma, nikapanda pikipiki, nikakula vumbi mpaka Beni, na njiani nikajitengenezea mutu mupya: jina Paluku, wa Oicha, mulimaji wa kakao. (Paluku ni jina ya salama, ukirusha jiwe kule utapiga Paluku tatu.)

Salle ya mukutano ilikuwa nyuma ya kanisa. Batu kama kumi na mbili banaikaa kwa muzunguko, na mama mumoja wa lunettes kwa macho njo alikuwa anaongoza. Karibu na dirisha kulikuwa muzee amevuta kofia mpaka kwa pua na kujifunga écharpe kwa shingo kama mutu wa Lubero kwa baridi, na Beni siku ile jua ilikuwa inapika batu. Nikasema ndani ya roho, angalia muoga huyu.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikasema mimi ni Paluku wa Oicha, nikalia kidogo, nikaeleza namna nilikunywa shamba yangu ya kakao yote, na kweli batu balihurumia, hata mimi nilianza kumuhurumia huyu Paluku. Nilipaswa kuikaa pale pale. Lakini mama mumoja munene akainua mukono.

"Papa Paluku, mimi pia ni wa Oicha! Kwenu kakao ya mwaka huu ikoje?"

"Nzuri, mama. Tulichimbua mapema."

"Mulichimbua?"

"Ndiyo. Na jembe."

Batu bakaangaliana: kakao inachumwaka kwa muti. Pale mutu wa akili angeomba maji ya kunywa. Mimi nikaongeza: "Inategemea udongo, mama. Kwetu inaingiaka chini sana."

Balicheka mpaka kiti moja ikavunjika. Na mwenye kucheka kupita bote alikuwa ule muzee wa dirisha, alicheka, akakohoa, kofia ikaanguka, écharpe ikafunguka, na akapiga kelele: "Oicha gani! Huyu ni mukwe wangu, fundi wa Mususa! Hata muhogo hajachimbua!"

Kisha akasikia yenye amesema. Akashika kinywa na mikono mbili, mais kofia ilikuwa chini na mimi nilikuwa nimemuona.

"Baba?" nikasema.

Mama wa lunettes akatoa macho kwangu, akaipeleka kwa muzee. "Muzee Katembo wa Lubero, wiki tano unatuambia haukuoa na hauna mutoto. Huyu mukwe alitoka wapi?"

Hakuna mutu alicheka tena. Mama akatuambia tuanze upya, kila mutu na jina yake. Muzee akasimama polepole. "Mimi ni Kasereka wa Butembo," akasema, na sauti ile ya kunihubiria haikuwa tena pale. "Ninakunywaka lotoko, pombe kali, ndani ya kikombe ya chai. Bibi yangu anazani ni chai." Nikaangalia viatu vyangu. Ile njo ilikuwa mara ya kwanza nilimuheshimu kweli.

Tulirudi ndani ya gari moja. Pale taa za Butembo zilionekana akauliza: "Mukwe, uliona mutu huko?"

"Sikuona mutu, baba."

Ile kikundi iko na sheria, yenye inasemwa pale inabaki pale. Mais sheria ile haikumufunga kinywa mama wa Oicha, wala dada yake mwenye kuuzisha samaki Butembo. Siku ya kwanza ya juma, asubuhi, Masika akasimama kwa mulango ya atelier, mbele ya baclients bane, bila kunisalimia akauliza: "Na baba yangu pia?" Nikaitika na kichwa. Akalia, akacheka, akaenda.

Sasa naapa, sitakwenda tena mbali kuficha kitu yenye karibu bote banajua. Tukaanza kwenda kwa kikundi ya Mususa, mimi na muzee, muchana, mbele ya macho ya batu. Mara ya kwanza pale nikasema jina yangu kwa sauti ya panya, na jirani yangu wa mulango ya pili akasogeza kiti: "Ikaa, Kambale. Hii tulikuwekea tangu mwaka ulioisha."