Mguu Uliofukiwa Mchangani

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu siipendi hata leo. Kiangazi kile, nikiwa na miaka saba, mama alinipeleka Moa kwa bibi ili mguu wangu wa kulia, uliosinyaa kwa polio nikiwa mchanga, "uamshwe". Jua likikolea mama alichimba shimo ufukweni, akanifukia mpaka pajani kwenye mchanga wa moto, kisha akanipaka mafuta yale na kuniamuru nitembee hadi kwenye mikoko na kurudi, bila fimbo. Nikianguka hakuniinua. "Inuka, mwanangu. Mguu ukidekezwa hulala moja kwa moja," alisema, huku akitazama pembeni.

Mjomba Kombo, kaka yake, alikuwa mvivu aliyejulikana kijiji kizima. Tangu asubuhi alikuwa kajilaza barazani, nyavu zake zikioza. Yeye peke yake alinisogezea mkeka. "Njoo ukae, binti. Mguu huo umechoka." Mama akamjia juu. "Kombo, usimwambukize mwanangu uvivu wako. Mimi nikifa, atabebwa na nani?" Nikainuka. Kiangazi kilipoisha nilikwenda dukani peke yangu, nikichechemea, na mama akalia kwa furaha. Tangu hapo sikukaa. Nimefundisha shule Maramba miaka mingi nikiwa nimesimama, nimebeba ndoo, nimelea watoto, na kila nilipoitwa hodari nilizidi kujikaza.

Sasa mguu wa kushoto, ule tuliouita mzima, ndio unaoniangusha. Mtaalamu wa viungo, kijana wa umri wa mwanangu, alinieleza polepole kwamba mazoezi yalinisaidia kusimama, lakini misuli iliyonusurika imebeba mzigo wa ile iliyokufa mpaka imechakaa. Kilichobaki hutunzwa kwa fimbo, na kwa kupumzika kabla ya kuchoka. "Kaa, mama," akasema. Nina hasira, na sina wa kumtolea, maana mama yuko kaburini, na alinipenda. Wajukuu wangu wamepata matone ya chanjo. Mchanga ule hawataujua, na kwa hilo nashukuru. Ila kinachoniuma ni kwamba mtu pekee aliyenipa dawa yangu alikuwa Mjomba Kombo, naye aliitoa kwa uvivu tu.

Jana nilitandika mkeka barazani, nikakaa kabla sijachoka. Hata chai haijapoa, nikamsikia mama: inuka, mwanangu. Nikainuka.