Fidia ya Mguu wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka miwili, anakimbiza kuku hadi migombani, siku aliyochomwa sindano ya kifaduro takoni. Wachanjaji walikuja kwa Landrova kijijini kwetu, milimani juu ya Matombo, wakaondoka kabla ya mvua. Kulipokucha alisimama, akaanguka. Mguu wa kulia ulikuwa umelegea kuanzia kifundoni. Akitembea, vidole vilikwaruza udongo.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyekwenda kudai fidia hakuwa baba bali mjomba. Alishuka mjini mara tatu na barua yenye muhuri wa kijiji. Safari ya tatu alirudi akisema mganga mkuu wa wilaya atakuja mwenyewe. Tulimcheka.

Akaja. Barabara ilikuwa imekatika, akaacha gari chini na kupanda kwa miguu, suruali matope hadi magotini. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwahi kuona mtu mkubwa wa serikali akihema namna ile. Aliwaamkia wazee shikamoo, akaketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji, akampakata mdogo wangu na kuupima ule mguu taratibu, bila haraka yoyote.

"Ndugu Mganga," mjomba akauliza, "ni sindano yenu au si sindano?"

"Mzee wangu, zipo pia homa zinazolemaza. Lakini sindano ikichomwa pabaya hugusa mshipa wa fahamu, na siwezi kuapa kwamba haikugusa. Sijui."

Nilishangaa hadi nikasahau kufumba mdomo. Mwalimu wetu hakuwahi kusema hajui, wala padri, wala mwenyekiti wa kijiji.

Mjomba alikuwa amepanga kudai mbuzi. Alitoka nje na mama, wakanong'ona barazani, wakarudi.

"Mbuzi watakufa," alisema. "Tunataka mtoto atembee."

Mganga akaahidi kiatu chenye chuma cha kushikilia unyayo, kinachotengenezwa hospitali mjini, na kingine kila mguu utakapokua. Ikaandikwa. Mjomba akaweka dole gumba.

Tulidhani yamekwisha. Ndipo mama akamfungua mgongoni kitindamimba wetu, wa miezi minne.

"Na huyu hajachanjwa."

"Dada! Umerukwa na akili?" mjomba alifoka.

"Kaka, dada yetu alizika wawili kwa kifaduro. Umesahau walivyokohoa?" Akamgeukia mganga. "Mchome wewe mwenyewe, mimi nikitazama."

Muuguzi aliyefuatana naye alikuwa na dawa ya chanjo ndani ya chupa ya barafu. Ofisi nzima ilimtazama mjomba, maana neno lake lilitosha kuzuia. Mjomba akapiga goti, akamshika mtoto mguu ili asirushe. Mganga alichoma pajani, mbele. Mama hakupepesa jicho. Sikumjua kweli mama yangu kabla ya siku ile, ingawa nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Asubuhi mtoto aliamka na homa kidogo, akanyonya, akarusha miguu yote miwili. Akina mama wa jirani waliokuwa wameapa kutochanja walipita mmoja mmoja kumtazama.

Kiatu cha kwanza kilifika baada ya masika. Vilikuja vitano kwa jumla, cha mwisho akiwa darasa la saba. Mguu haukupona kabisa, lakini alipanda milima ile na mkungu wa ndizi kichwani, na sisi wenye miguu mizima tulimfuata nyuma tukihema.