Fundi wa Mawe Huvua Viatu

Fundi wa mawe huvua viatu kwanza. Hapa mtaani Kinanira hapangi jiwe jeupe la bustani hata moja kabla ya kuzunguka nyumba nzima pekupeku, polepole, akinong'ona kama anayepita katikati ya watu waliolala. Kwangu alifika chini ya dirisha la jikoni, akarudisha mguu. "Samahani, ndugu," aliiambia ardhi. Kisha akanigeukia. "Mama, hapa mi siweki mawe. Kunalala mutu."

Nilicheka. Nilitaka mawe badala ya matandazo ya majani makavu, ambayo hupaliliwa kila msimu, ili jembe lisirudi tena pale. Jioni mawe yalikuwa yameizunguka nyumba yote, isipokuwa kipande kimoja cha udongo, kirefu kama kaka yangu. Tuliomzika pale tulikuwa wawili tu: mimi na marehemu mama.