Mdogo Wangu na Nguzo Nyekundu

Mdogo wangu anaangusha majengo kila siku, tena akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisini. Anayajenga ndani ya kompyuta, anayabebesha mzigo mpaka yasalimu amri, kisha anamwambia injinia wake yamevunjikia wapi na kwa nini. Watu wakimuuliza anafanya kazi gani anajibu, "Nachora," basi. Mvivu wa kueleza. Nitaeleza mimi niliyeishia darasa la saba, maana mwaka huu nimekasirika mpaka nimeelimika.

Ile programu inaikata nguzo vipande vidogo vidogo, mamia, na kila kipande kinaulizwa: jirani yako anakusukuma kiasi gani, nawe unamsukuma kiasi gani? Mzigo hautupwi wote kwa mpigo. Unapandishwa hatua kwa hatua, na kila hatua kompyuta inahesabu, inarudia, inarudia tena mpaka vipande vyote vikubaliane. Visipokubaliana inagoma. Anasema hesabu nyepesi hudhani ukiongeza mzigo maradufu, chuma nacho kinapinda maradufu. Chuma hakina adabu hiyo. Kinavumilia, kinavumilia, halafu kinakunja goti ghafla. Kama mimi tu.

Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka tisa, mimi kumi na tisa. Nikamlea. Hakuwa mtoto wa kupendeza, msidanganyike mkimwona leo na miwani yake. Ukimwambia chai ya moto, anauliza moto kiasi gani. Nilimsomesha kwa kazi ya yadi, ninayoifanya mpaka leo: natunza nguzo za chuma ambazo mafundi hukodi kushikilia mbao za dari zege linapomwagwa. Nguzo zikirudi, naviringisha kila moja kwenye sakafu. Iliyonyooka inakwenda kimya. Iliyopinda inadundadunda kama mlevi. Hiyo naipaka rangi nyekundu kichwani na haibebi tena zege. Inaishia kwenye uzio na vibanda.

Sasa huyo injinia wake tunamwita Maliza, kwa kuwa ndilo neno analolijua. Alikuwa na ukumbi wa dari refu, akataka nguzo mia moja na arobaini. Zilizonyooka nilikuwa nazo tisini. Mtu wake akaja na karatasi.

"Mama, toa hata hizo nyekundu. Kompyuta imeshapitisha."

Nikaisoma. Chini kuna jina la mdogo wangu. Nikasema moyoni, kama huyu mbishi amepitisha, mimi ni nani? Nikazitoa. Hamsini nzima, kwa mikono yangu hii. Watakaosimama juu ya dari hilo Jumamosi, zege likimwagwa, ni baba watoto, fundi wa zege, na watu wake kumi na wawili.

Alhamisi mdogo wangu akapita yadi kunirudishia sufuria. Akanikuta naviringisha.

"Dada, mbona hiyo inadunda?"

"Imepinda. Si kama zile nyekundu ulizozipitisha?"

"Nyekundu zipi?"

Tukatazamana. Nikamweleza. Akaiweka sufuria chini polepole.

"Mimi niliziweka zimenyooka," akasema. "Mia na arobaini, zimenyooka kama uzi. Hakuna aliyeniambia."

"Na wewe hukuuliza? Wewe uliyeuliza moto wa chai?"

"Na wewe ulizitoaje wakati unazijua?"

"Si jina lako nililiona!"

Tulipigiana kelele pale mpaka mlinzi akafunga redio asikie vizuri. Kisha mdogo wangu akaomba uzi na rula. Tukauvuta uzi kutoka kichwa hadi mguu wa zile nyekundu chache zilizobaki, akapima pengo katikati. Vidole viwili. Nyingine vidole viwili na nusu. Aliandika nyuma ya kiganja, hakuwa na karatasi.

Ijumaa nikamfuata ofisini. Chumba kina feni moja na meza nne, na kila meza kikombe chenye chai iliyolala. Alizipindisha nguzo hamsini ndani ya kompyuta kwa vidole vile vile tulivyopima, akaanza kupandisha mzigo. Hatua kumi ndiyo zege lote. Hatua ya nne, sawa. Ya sita, kompyuta ikahesabu muda mrefu. Ya saba ikagoma. Kwenye skrini, nguzo za katikati zilikuwa zimekunja goti zote upande mmoja.

Maliza akaja na simu sikioni.

"Imegoma? Legeza kipimo cha makosa, vipande vikubaliane kwa karibu tu, itapita. Zege limeagizwa. Maliza."

"Bosi, haikugoma kwa kipimo. Imegoma kwa kuwa zinaanguka."

"Nguzo ni nguzo. Juzi imepita, leo imekataa, nani ataiamini mashine ya namna hiyo?" Ndipo akaniona. "Na huyu mama ni nani?"

"Ni mwenye nguzo," nikasema. "Na mume wangu ndiye utakayemweka juu yake."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Nilitaka kumrushia ile chai. Mdogo wangu alinishika mkono, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba halegezi kitu, na jina lake kwenye ile karatasi ya kwanza amelifuta. Maliza akamwambia basi asije Jumatatu.

Baba watoto naye, nilipomweleza jioni, akacheka. "Karatasi ilipita, mke wangu. Wewe na mdogo wako mnapenda vita."

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa ukumbini, sisi wawili. Gari la zege linazunguka mlangoni, watu wameshapanda. Baba watoto yuko juu na mabuti yake.

"Umeniletea uji?"

Nilikuwa nimekuja na nyekundu moja kutoka yadi. Nikaiviringisha kwenye sakafu ya saruji. Du-du, du-du, mpaka ikagonga ukuta.

"Shemeji," mdogo wangu akaita, "tazama vichwa vya nguzo zilizo chini yako. Vyenye rangi hii vipo hamsini. Nimezijaribu zilivyo. Zinaanguka kabla hujamaliza kumwaga."

Miaka ishirini na mbili mume wangu amenisikia naviringisha chuma. Akachungulia kwenye upenyo wa mbao, akahesabu vichwa vyekundu, midomo ikimtembea. Kicheko cha jana kikamwisha usoni.

"Shukeni wote," akasema. "Mmoja mmoja. Msirukeruke."

Maliza alifika akipiga kelele kuhusu zege linaloganda. Baba watoto akamwonyesha ngazi: "Panda wewe, bosi. Sisi tutakumwagia." Hakupanda.

Zege liliganda ndani ya gari. Nguzo hamsini zikaja kutoka yadi nyingine, dari likamwagwa siku tisa baadaye, lipo. Kwenye ripoti Maliza aliandika kwamba ofisi yake iligundua tatizo mapema. Ofisi yake! Mdogo wangu hakurudi huko, hata walipompigia simu mara mbili. Sasa yuko kwenye kampuni nyingine, na kabla hajachora mstari mmoja anakwenda yadi yao na uzi kwenye mkoba. Mlinzi wa kule kaniambia wanamwona kichaa.

Hasira yangu kwa Maliza haijapoa. Niliyonayo kwa nafsi yangu ndiyo kali zaidi. Zile hamsini ziliporudi nilizikatisha vipande siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama hapo, mpaka cha mwisho.