"Wewe umesimama wapi?" Swali la bibi lililonifundisha kuingia ndani ya Biblia

Pu. Pu. Pu. Halafu kimya.

Huo ni mlio wa fimbo ya bibi yangu akipura maharage uani kwetu Mabawe, Ngara. Mpaka leo nausikia. Ikiwa kimya, ujue swali linakuja.

Wakuu, habari za humu. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu na chumvi sijaweka.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilipata ziro. Wenzangu wakapangiwa shule za mbali.

Mimi nikawa nachota maji saa sita mchana, jua la utosi, kisimani hakuna mtu. Bibi nilimwambia maji ya mchana yametulia, hayana tope. Hakubisha.

Macho yake yalishaingia ukungu, kwa hiyo nilimsomea Biblia huku anapura. Nilisoma mbiombio kama tangazo la mnada.

Siku hiyo ikawa habari ya mwanamke Msamaria, aliyewahi kuwa na waume watano, aliyemkuta Yesu kisimani saa sita mchana. Fimbo ikasimama.

"Wanaume watano. Mimi mmoja tu alinitoa jasho."

Nikacheka.

"Wewe umesimama wapi?"

"Bibi, mimi nasoma tu."

"Fumba macho. Kisima ni hiki chetu, jua ni hili. Uko wapi?"

(Kwa bibi, Samaria yote ilikuwa Mabawe. Yesu alikalia jiwe letu la kufulia.)

Nikafumba. Nikajiona kabisa. "Niko nyuma ya migomba na dumu langu. Nasubiri waondoke."

"Na yule mama, kwa nini kaja saa sita?"

Wakuu, machozi yalinitoka hapohapo. Bibi alijua siku zote kwamba nakwepa watu kwa aibu ya ile ziro.

"Haya mwana wanje, mwanangu, toka kwenye migomba. Kaa na Yesu pale jiweni. Mimi napura."

Nikawa nairudia picha ile kila nikisoma. Mwanzoni nilitoka migombani tu. Baadaye nikakaa. Siku moja nikajiona naacha dumu kama yule mama alivyoacha mtungi wake, napandisha kwenda kuongea na watu.

Kesho yake asubuhi nikashuka kisimani na wengine.

"Kumbe upo? Tulijua umeolewa Burundi," mmoja akanitania. Tukacheka wote. Kitu nilichokiogopa muda wote kiliishia hapo.

Sasa hivi ni fundi cherehani huku Nyarubungo, Biharamulo. Bibi hayupo tena.

Nilichojifunza: ukibaki nje ya maneno yale unatoka kama ulivyoingia. Ukijiweka ndani, yanagusa palepale unapopaficha. Nyie mkisoma huwa mnasimama wapi? Niambieni, hata wa dini nyingine, nitasoma zote.

Mwezi uliopita nilikwenda Mabawe. Saa sita nikashuka kisimani peke yangu. Hapakuwa na mtu. Nikajaza dumu, nikalifunga, nikaliacha juu ya jiwe kwa ajili ya atakayekuja saa ile.

Nikapandisha mikono mitupu.