Ombi la Edinah Ndani ya Kifurushi cha Austine

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha kupanga juu ya duka la mbegu mjini Homa Bay, Austine Ogweno anafungua kifurushi alichokifunga mwenyewe dakika tano zilizopita. Anasoma faili moja moja kwa sauti, kidole kwenye kioo cha laptopu. Ziko arobaini na tatu. Akimaliza, anaanza upya.

"Jirani hudhani nimechanganyikiwa," asema. "Wacha adhani. Hiki kitu sikiachilii tena bila kukikagua."

Austine, 29, ni mzaliwa wa Uriri, Kaunti ya Migori. Riziki yake ni kutengeneza tovuti za shule na maduka. Lakini kazi ya moyo wake ni programu-jalizi, yaani kijiprogramu kinachochomekwa ndani ya ile programu kubwa ambamo mafundi wa kompyuta huandikia kazi zao. Chake hukagua fomu za mtandaoni na kumwonya fundi mapema kwamba fomu yake itakataa majina yenye ng'.

Msicheke. Mamake, Phelesia Ang'ienda, alirudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu fomu ya ofisi fulani ilidai jina lake si jina. "Nilikasirika hadi nikalia," asema Austine. "Jina la mtu litakuwaje kosa?"

Ili kukijaribu kijiprogramu hicho alihitaji majina ya kweli, na alikuwa nayo. Phelesia ni katibu wa kikundi cha akina mama wa kanisa huko Uriri, na Austine ndiye aliyemchapia orodha ya maombi: jina la mama, simu yake, na jambo analotaka wenzake wamwombee. Orodha husomwa Alhamisi mlango ukiwa umefungwa, kisha huchomwa moto. Ile ya kompyuta haikuchomwa. Austine aliinakili kwenye folda ya kazi, akaendelea na shughuli zake.

Na hapo, jamani, ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya kukifunga kijiprogramu kiwe kifurushi cha kupelekwa kwenye duka la mtandaoni, chombo cha kufungia huzoa kila kilichomo kwenye folda, isipokuwa vile fundi alivyoandika viachwe nje. Mstari mmoja tu ungetosha. Austine alikuwa na pupa ya kutangaza kazi yake, akausahau.

Kifurushi kilikaa dukani siku tisa. Kompyuta 214 zilikipakua, mojawapo ikiwa ya fundi mwenzake wa Migori aliyeyatambua majina ya kwao. Akaipiga picha ile orodha, akamtumia rafiki. Kufikia Jumapili, picha ilikuwa imezunguka soko zima la Uriri.

Mstari uliowapa wambea raha zaidi ulikuwa wa Edinah, mshonaji nguo: "Aombewe apate mtoto. Daktari amesema shida iko kwa Joash, na Joash hataki kukubali."

Joash ni mumewe. Aliiona picha hiyo, akaamini mkewe ndiye aliyemtangaza. Alifunga nguo zake, akahamia Isebania mpakani, anakofanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Ni miezi saba sasa.

Austine alikiondoa kifurushi dukani mara tu alipopigiwa simu na mamake. Haikufaa kitu, kwa maana kukiondoa dukani hakukitoi kwenye kompyuta zilizokwisha kukichukua. "Mama hakunigombeza," asema. "Aliniuliza tu, 'Nyathina, mwanangu, hata hii ulipeleka?' Afadhali angenichapa."

Aliwaendea akina mama wote kumi na sita, nyumba kwa nyumba. Wengi walimsamehe, wawili hawakumfungulia. Kwa Edinah alipiga magoti katikati ya vipande vya vitambaa.

"Austine ni mtoto yangu, sina ubaya na yeye," asema Edinah, miguu ikiwa bado kwenye cherehani. "Lakini magoti yake itanisaidia na nini? Nilimwambia, hayo maneno mimi niliambia Mungu. Joash anafikiria niliambia watu. Enda uambie Joash. Na wewe wa gazeti, andika tu yote, soko nzima inajua. Andika pia sikumtangaza."

Austine hakwenda. Isebania ni safari ya asubuhi moja, lakini kila wiki alipata kisingizio: mara tovuti ya shule, mara mvua, mara homa.

"Ni uoga, hakuna jina lingine," asema, akiyafuta macho kwa kiganja. "Nilimpigia Joash mara moja. Alipopokea, nikakata. Ile faili ilikuwa kosa. Lakini hii miezi saba nilijua na nikanyamaza, hiyo ndiyo inaniuma."

Kijiprogramu chenyewe, alichokirudisha dukani bila orodha hiyo, kinastawi. Watu zaidi ya elfu nne wanakitumia, na baadhi humwandikia kumshukuru. Austine huzisoma barua hizo, kisha huzifunga bila kujibu.

Wiki hii Phelesia amemletea habari mbaya. Ndugu za Joash wameitana wakutane Jumapili hii, nia yao ikiwa kuivunja ndoa hiyo kabisa.

"Jumamosi naenda," asema Austine. "Nitasimama pale kwenye mashine nimwambie ni mimi niliyeyatoa maneno hayo, na Edinah hakumsema kwa mtu yeyote. Akinipiga, anipige. Akimaliza, nitamwomba turudi pamoja Uriri kabla ya Jumapili."